NG'OMBE WA MHESHIMIWA TORGEIR
Sehemu ya Tisa: Mwenyeji Huonja Kwanza

Wiki iliyopita tulimwacha mzee Anatoli ameshika mrija, na mrija uko nusu ya njia kwenda mdomoni. Wasomaji kadhaa mmenipigia simu kunitukana. Nimewasikia. Lakini si mimi niliyetia dawa ya kupe kwenye kile kibuyu. Ni Francisca.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Francisca ametoka Runazi, Biharamulo, akaja Ngara kujifanya mpishi wa shughuli, kumbe amekuja kuua mtu mmoja tu. Mtu huyo ni Torgeir Nesvold, Mnorwe, waziri katika serikali ya kwao. Torgeir amekuja na kamera kutazama ng'ombe aliyepewa zamani na mzee Anatoli kwa kumwokoa mwanawe mtoni. Kibuyu chenye utepe mwekundu ni cha mgeni. Ndani yake mna pombe ya ndizi, asali, na kifo.

Kitu kimoja tu Francisca alikisahau. Huko Runazi pombe anaipima kwa vikombe vya plastiki, mtu anakunywa, anapangusa midomo, anakwenda zake. Miaka imepita. Alisahau kwamba huku Ngara, kwenye ua wa Mhangaza wa zamani, mgeni hatangulii kunywa. Mwenyeji huonja kwanza, tena mbele ya macho ya watu, ili mgeni ajue kuwa hakuna ubaya.

"Mgeni wangu, subiri," alisema mzee Anatoli, akakivuta kibuyu chenye utepe. "Kwanza mimi."

Francisca alikuwa amesimama hatua chache tu, sinia la ndizi na nyama mikononi. Akaona mrija ukipanda. Yule mzee hakumkosea kitu. Mzee alidanganywa kama walivyodanganywa wote. Sasa afe kwa kosa la nani?

Akajikwaa.

Na alijikwaa kweli kweli. Sinia liliruka, mchuzi ukamwagikia suruali ya mheshimiwa, na kiwiko cha Francisca kikakipiga kile kibuyu kikapasukia kwenye jiwe la kunolea mapanga. Pombe yote ikanywewa na vumbi.

"Mama wee! Umelewa kabla ya wageni?" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Nisameheni, jamani. Mguu wangu huu una maradhi."

Mheshimiwa Torgeir akacheka. Alikuwa na kile kicheko cha wanasiasa, kinachoanza kabla utani haujaisha. "Pole, mama! Ajali haina kinga!" alisema kwa Kiswahili safi, na watu wakampigia makofi, maana Kiswahili cha Mzungu hupigiwa makofi hata akiwa anaomba chumvi.

Mzee Anatoli peke yake hakucheka. Mrija ulikuwa bado mkononi mwake, ukidondosha matone. Alimtazama Francisca mdomoni, pale penye mwanya mpana wa meno ya mbele.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza polepole.

"Mama Derick, baba. Wa Runazi."

"Huko ni kwa mume. Nakuuliza kwa baba yako."

Francisca alifungua kinywa kujibu uongo alioutayarisha. Hakuwahi. Mkono mzito ulimshika kwa nyuma ukamvuta, na sauti ikamwambia sikioni: "Njoo huku. Usipige kelele."

Alikuwa Bonaventura, mtoto wa mzee Anatoli. Ndiye yule mtoto wa mtoni, ambaye sasa ni mwanaume wa miaka thelathini na ushee, mwenye ndevu, mke na ng'ombe. Alimburuta mpaka nyuma ya zizi, akamwachia, kisha akanusa vidole vyake alivyokuwa amevichovya kwenye ile pombe iliyomwagika.

"Mama, mimi naogesha ng'ombe kila wiki," alisema. "Harufu hii naijua kuliko marashi ya mke wangu. Ulitaka kumuua baba yangu?"

"Si baba yako."

"Basi Torgeir. Yule aliyenitoa kwenye mdomo wa mamba! Nitakuitia polisi sasa hivi. Wapo pale, wanakula nyama uliyoipika wewe."

"Waite," Francisca alisema. Hakutetemeka hata kidogo. Mtu aliyebeba hasira tangu usichana hatetemeki kirahisi. "Lakini kabla hujawaita, vua shati."

"Unasemaje?"

"Vua shati, Bonaventura. Nilione hilo kovu la mamba."

Hapa ngoja niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtajua kwa nini mwanamke mcha Mungu, mwimba kwaya, abebe sumu kwenye kanga.

Torgeir alikuja Ngara kijana, miaka ile wakimbizi walipofurika, akafanya kazi na shirika moja la kuvuta maji kutoka mto Ruvubu. Chini yake kulikuwa na kibarua, Fideli, kaka yake Francisca. Siku moja mzee Anatoli alikuja na mtoto wake mdogo kushangaa mashine. Mtoto akateleza, akaanguka mtoni. Baada ya muda Torgeir akatoka majini amembeba mtoto, na mpiga picha wa magazeti ya Ulaya akawa yupo pale pale. Fideli hakuonekana tena, na pampu moja haikuonekana tena. Torgeir akawaambia polisi: yule kibarua ametumia vurugu, ameiba pampu, amekimbilia Burundi.

Mzee Anatoli akampa Mzungu ng'ombe. Tena si zawadi ya hivi hivi. Alimgabia, kama wasemavyo wenyewe. Ng'ombe wa kugabiwa ni kiapo chenye pembe. Ukimpokea, jina la aliyekupa unalibeba. Ukienda kinyume naye, anakunyaga: anamchukua ng'ombe na uzao wake wote mbele za watu, na heshima yako inaondoka na kamba.

Picha ile ndiyo iliyomfanya Torgeir awe mtu. Aliitumia kugombea udiwani kwenye mji mdogo wa wavuvi huko kaskazini kwao, akapita. Akaitumia kugombea ubunge, akapita. Akawa naibu waziri, akawa waziri wa misaada, na kila ngazi mamba alizidi kurefuka. Sasa chama chake kinatafuta mwenyekiti mpya, na mwenyekiti huyo akishinda uchaguzi ndiye waziri mkuu. Kwa hiyo mheshimiwa amerudi na mwandishi wa televisheni, mwanamke aitwaye Ingvild, ili wapiga kura waone ng'ombe wake.

Na Francisca je? Torgeir alipokuwa diwani, Francisca na mama yake Anjelika walikuwa wamehama Ngara kwa aibu, wanalima mihogo ya watu Runazi. Torgeir alipoingia bungeni, mama Anjelika alikuwa akikaa kanisani mlangoni kabisa, kwa sababu mama wa mwizi hakai mbele. Torgeir alipopata uwaziri, kijiji cha mzee Anatoli kilichinja na kucheza ngoma kumpongeza mtoto wao Mzungu, na wiki hiyo hiyo Francisca akamzika mama yake. Fideli hakuliliwa na mtu. Hakuwekewa matanga wala kuombewa misa ya wafu, kwa kuwa mwizi aliyetoroka hajafa. Hilo ndilo lililokuwa likimla Francisca. Alitaka kumlilia kaka yake kama wanavyoliliwa watu, na Mzungu mmoja mwenye picha alikuwa amemzibia njia.

Sasa turudi nyuma ya zizi.

Bonaventura alisita, kisha akavua shati. Si kwamba alikuwa na aibu ya kuvua. Alikwishazoea.

"Wamenipeleka kwao mara mbili," alisema, akijigeuza. "Kwenye mkutano wa chama chake. Wananivua shati jukwaani, watu wanapiga makofi, wengine wanalia. Ukumbini joto, nje theluji, na mimi kote nasikia baridi."

Kovu lilikuwa nyuma ya bega la kushoto. Francisca alilitazama. Akaliwekea kidole. Mistari miwili iliyopinda, mmoja juu, mmoja chini, na katikati ya ule wa juu palikuwa na ngozi safi isiyoguswa.

"Mamba ana mdomo mdogo hivi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Niliambiwa alikuwa mamba mchanga."

"Na mamba mchanga ana mwanya?"

Bonaventura akageuka. Francisca alikuwa amefungua kinywa, meno yote nje, kama mtu aliye mbele ya daktari. Mwanya ulikuwa pale. Bonaventura aliutazama muda mrefu.

"Huu ni wa ukoo wetu," Francisca alisema. "Mama alikuwa nao. Kaka yangu Fideli alikuwa nao. Xavery, yule mvuvi aliyekuwa ng'ambo ya pili siku ile, ameniambia mwaka huu kabla hajakata roho. Alimwona Fideli anarudi anaogelea, amemng'ata mtoto begani kama paka anavyobeba mwanawe, maana mikono alikuwa anapigania maji. Mzungu alikuwa amesimama kwenye maji ya kiunoni. Akapokea tu. Kupokea! Halafu kamba aliyofungwa Fideli kiunoni ikakatika, mto ukamchukua."

Bonaventura alikaa chini kwenye kinyesi cha ng'ombe bila kujali suruali ya sherehe.

"Mama yangu Bernadetha," alisema, "akiniogesha nikiwa mdogo, akifika hapa begani alikuwa ananyamaza. Nikimuuliza mamba alikuwa mkubwa kiasi gani, ananipiga kofi. Sikuwahi kujua kwa nini."

Francisca hakulitilia maanani neno hilo. Wewe msomaji litilie.

"Kibuyu kingine kipo," alisema. "Na dawa imebaki kwenye chupa. Safari hii nitampa mkononi mwenyewe."

"Hapana."

"Unamtetea bado?"

"Nakwambia hapana, mama, kwa sababu ukimuua atakufa shujaa!" Bonaventura aliinuka, macho mekundu. "Watamzika kwa bendera. Watamwekea sanamu yenye mtoto mkononi, na mtoto huyo ni mimi! Kaka yako atabaki mwizi, na wewe utakuwa dada wa mwizi aliyemuua waziri. Ndicho unachotaka?"

Francisca alikaza kanga kiunoni. Hasira yake ilikuwa inatafuta pa kukaa.

"Leo ataapa," Bonaventura aliendelea, akishusha sauti. "Lazima aape. Anasimama mbele ya ng'ombe, anataja jina la baba, anasimulia alivyompata. Kamera iko mbele yake. Mwache adanganye mpaka mwisho. Mwache apande juu kabisa kwenye mti. Halafu tunautikisa."

Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi Ngara mjini, Francisca alitabasamu, na mwanya ukaonekana wote.

"Niletee kiazi," alisema. "Kitamu, kilichochemshwa. Kikubwa."

*

Ng'ombe walitolewa zizini saa ya jua kali. Walikuwa uzao wa Gaju, yule ng'ombe wa kwanza, wekundu wote, pembe ndefu zimefungwa majani. Watu wa kilima kizima walikuwa pale. Mheshimiwa Torgeir alikuwa amebadilishiwa suruali akapewa ya Bonaventura, fupi kidogo, na hata hiyo ilimpendeza kwenye kamera. Mwalimu Restituta wa sekondari alisimama karibu na Ingvild akimtafsiria kila neno.

Mzee Anatoli aliketi kwenye kiti cha mwenyeji, fimbo magotini. Hakumwondolea macho Francisca, aliyekuwa amesimama kati ya wapishi akiwa na kiazi ndani ya kanga.

"Mimi Torgeir," alianza mheshimiwa, mkono mgongoni mwa ng'ombe, "naapa kwa Anatoli aliyenigabia!"

Vigelegele.

"Siku ile mto ulikuwa umejaa. Niliona mamba amemshika mtoto begani. Sikufikiri. Niliruka. Nilimpiga yule mamba kwa ngumi kwenye jicho, hivi, hivi! Nikamwambia, huyu humli leo! Nikamtoa Bonaventura, ndugu yangu, mtoto wangu. Na tangu siku ile, kila kazi niliyoifanya nchini kwangu, udiwani, ubunge, uwaziri, nimeifanya kwa sababu mzee huyu alinifundisha kwamba binadamu ni mmoja."

Alifuta chozi. Mimi nakwambieni lilikuwa chozi la kweli. Mtu akisema uongo miaka mingi, mwisho unamliza mwenyewe.

"Na yule kibarua?" sauti ya mwanamke iliuliza.

Vigelegele vikakatika.

"Samahani, mama?"

"Fideli. Aliyekuwa na kamba kiunoni. Alikuwa wapi, mheshimiwa, ulipokuwa ukipigana na mamba?"

Mheshimiwa alikunja uso kidogo tu, kama mtu anayekumbuka jina la shule ya zamani. "Ah. Yule. Inasikitisha. Yeye alitumia nafasi ile kuiba. Nilimsamehe zamani sana."

"Ulimsamehe!" Francisca alitoka kwenye kundi la wapishi. "Asante! Asante sana kwa kumsamehe kaka yangu!"

Polisi mmoja akaweka sahani chini. Lakini Bonaventura alikuwa ameshafika katikati, na shati lilikuwa mkononi.

"Dada mwandishi," alimwambia Ingvild, "hili bega mmelipiga picha mara nyingi. Leo lipigeni kwa karibu."

Francisca akatoa kile kiazi. Akakiuma mbele ya watu wote, kwa nguvu, kwa chuki, kwa miaka yote ile ya mlangoni kanisani. Hakumeza. Alikitoa, akakishika pembeni ya bega la Bonaventura. Mistari miwili iliyopinda, mmoja juu, mmoja chini, na katikati ya ule wa juu, mahali pasipoguswa.

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kamera ilisogea, ikatazama kiazi, ikatazama bega, ikarudi kwenye kiazi. Mama mmoja mzee alijishika kichwa: "Yesu wangu! Ni meno ya mtu!"

"Ni meno ya Fideli," Francisca alisema. "Alimbeba kwa meno. Wewe ulipokea, Torgeir. Ulipokea mtoto, ukapokea picha, ukapokea ng'ombe, ukapokea uwaziri. Na kaka yangu ukampa wizi!"

Ingvild aliuliza jambo kwa lugha yao. Lilikuwa fupi. Mheshimiwa alijibu kwa maneno mengi, halafu machache, halafu akakosa. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko ng'ombe.

Francisca alikuwa amengoja siku hii karibu maisha yake yote, na ilikuwa tamu. Sitawaficha. Ilikuwa tamu kuliko alivyodhani, tamu mpaka machozi yakamtoka. Alimwona yule bwana akitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumchekea, na hakumpata.

Ndipo mzee Anatoli alipoinuka.

Aliinuka haraka mno kwa umri wake. Akamwendea yule ng'ombe wa mbele, akampiga kwa fimbo ubavuni mara moja.

"Torgeir! Nilikugabia. Umesema uongo kwa jina langu mbele ya ng'ombe wangu. Leo nakunyaga! Nakunyaga huyu na uzao wote wa Gaju. Usinitaje tena. Ondoka kwenye ua wangu, nenda sasa hivi!"

Watu wakaguna kwa mshangao. Wengi walikuwa wamesikia habari za kunyaga kwa babu zao tu. Bonaventura alimtazama baba yake kwa fahari. Francisca alipiga magoti chini.

"Asante, baba," alilia. "Asante. Mungu akuweke."

"Aondoke tu," mzee alisema, bila kumtazama. "Mtoeni. Zimeni hiyo kamera, shughuli imekwisha."

Lakini mheshimiwa hakuondoka. Alikuwa amesimama pale kwenye suruali fupi ya kuazima, na kitu kilikuwa kinabadilika usoni mwake. Aibu ilikuwa inatoka, na kitu kingine kilikuwa kinaingia. Kisha akacheka, na safari hii hakikuwa kile kicheko cha jukwaani.

"Unaninyaga," alisema. "Wewe. Mimi!"

"Nimesema ondoka."

"Naenda, mzee. Lakini umechukua ng'ombe. Sasa na mimi nachukua mdomo wangu. Si ndiyo ilikuwa bei yake?"

"Nyamaza!" mzee alifoka.

"Nilinyamaza mpaka leo!" Torgeir aligeuka akamtazama Francisca machoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akihutubia. "Ni kweli, mama. Sikupigana na mamba yeyote. Nilisimama kwenye maji, upande mmoja wa kamba kiunoni mwangu, upande mwingine kwa Fideli. Alinipa mtoto. Na pampu hakuiba, ilizama. Nilimwita mwizi kwa sababu niliogopa kuulizwa kibarua wangu amekufaje. Hayo ni yangu, nitayabeba. Lakini nani alikwambia kamba ilikatika?"

"Xavery..."

"Xavery alikuwa ng'ambo. Kamba ile ilikuwa mpya. Gogo kubwa lilikuja na maji, likampiga Fideli, likaanza kumvuta, naye anatuvuta mimi na mtoto. Tulikuwa tunakwenda wote watatu. Na huyu hapa," akanyoosha kidole, "huyu mwenye fimbo, akaingia majini na panga. Fideli alikuwa anamtazama. Alimwita kwa jina. Haikukatika, mama. Ilikatwa."

Watu wote wakageuka kumtazama mzee.

"Siku chache baadaye akaniletea Gaju," Torgeir aliendelea, sauti imeshuka. "Mnadhani alisema asante? Mwulizeni alisema nini."

Bonaventura alikuwa amebaki kifua wazi, shati linaning'inia mkononi. "Baba," alisema. "Sema ni uongo. Huyu anadanganya, sisi wote tumemwona anadanganya. Sema."

Mzee Anatoli aliitazama fimbo yake. Kisha akarudi taratibu, lakini hakukaa kwenye kiti cha mwenyeji. Alikipita, akakaa kwenye kigoda cha mgeni.

"Nilimwambia," alijibu, "mto hausemi, nawe usiseme."

Bonaventura alitoa sauti ambayo si neno.

"Ulikuwa mikononi mwake," mzee alimwambia mwanawe. "Nilikuwa na panga na nafsi moja ya kuchagua. Mama yako nilimweleza usiku ule, hakula nami sahani moja tena mpaka kufa kwake. Ningechagua hivyo hivyo hata leo. Lakini kumwita mwizi, hapo ningeweza kukataa. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipomuua."

Francisca alikuwa bado amepiga magoti mbele yake. Alikuwa amepiga magoti kumshukuru. Asubuhi ile ile alikuwa amevunja kibuyu kwa kiwiko chake mwenyewe ili mtu huyu asife. Kisasi chote alichokibeba kutoka Runazi alikuwa amekitua mlango usio wake, na mwenye deni alikuwa ameketi hapa, uso kwa uso, akinuka tumbaku na uzee.

Mzee akainama mpaka akamkaribia, akaongea chinichini, Kihangaza, wasisikie wengine.

"Nilikujua ulipofungua kinywa kule jikoni. Mwanya wa Anjelika. Na ile pombe, binti yangu, nimeogesha ng'ombe maisha yangu yote. Pua yangu haijazeeka."

Francisca akainua uso. "Ulijua? Na bado ukaupandisha mrija?"

"Mwenyeji huonja kwanza. Ukaninyima." Alinyoosha mkono wake mkavu, kiganja juu, kama mtu anayepokea komunyo. "Niliwafuata hadi zizini, nikasikia ukimwambia mwanangu kwamba dawa nyingine iko kwenye chupa. Imebaki?"

Bonaventura alikuwa anawajia. Mgongoni mwake, jua lilikuwa linapiga kwenye bega, juu ya meno ya Fideli.

Francisca aliingiza mkono kwenye pindo la kanga, akalipata fundo lenye chupa, na vidole vyake vikaanza kulifungua.

"Imebaki," alisema.